Uzi maalumu: Majaribio ya shambani, bloku, na ramani ya ploti inayobaki kwenye daftari

#1 mpima_shamba

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu ni wa wale wanaofanya majaribio ya shambani: wanafunzi wa uzamili, wazalishaji wa mbegu, mabwana na mabibi shamba, na yeyote anayekabidhiwa faili la data akaambiwa "tufanyie uchambuzi". Faili lenyewe mara nyingi lina kolamu tatu tu: bloku (kundi la ploti zinazokaa pamoja), tritimenti (kinacholinganishwa, mfano aina ya mbegu), mavuno. Ploti, yaani kipande cha shamba kinachopimwa peke yake, ilikuwa mstari wa ngapi, safu ya ngapi, jirani zake walikuwa akina nani, hayo hayamo. Yako kwenye daftari la shambani, na daftari liko kabatini. Hoja yangu ni moja: mahali ploti ilipokaa ni data sawa na mavuno yenyewe. Ukipaacha nje ya uchambuzi unabaki na kosa la jaribio (tofauti za mavuno zisizoletwa na tritimenti) kubwa kuliko lilivyopaswa kuwa, na aina mbili za mbegu zinazotofautiana kweli zinaonekana sawa.

Mwaka 1911 Mercer na Hall walichapisha matokeo ya ekari moja ya ngano katika kituo cha Rothamsted, Uingereza. Ekari yote ilikuwa zao moja lenye huduma ileile. Wakati wa kuvuna waliikata vipande 500 na kupima kila kipande peke yake. Hapakuwa na tritimenti hata moja. Ploti ya chini ilitoa pauni 2.73 za nafaka, ya juu ikatoa 5.16. Karibu mara mbili, bila mtu kubadilisha kitu chochote! Jambo la pili ndilo linalotuhusu zaidi hapa: tofauti hizo hazikutawanyika ovyo. Ploti zenye mavuno mazuri zilielekea kukaa karibu na nzuri wenzake, na dhaifu karibu na dhaifu. Udongo unabadilika polepole, kwa hiyo majirani wanafanana.

Jaribio la namna hiyo, la kupanda kitu kimoja kila mahali ili kulipima shamba lenyewe, tuliite jaribio la usawa. Yalifanyika mengi baada ya hapo, kwa mazao mbalimbali, na picha ilijirudia.

R. A. Fisher alifika Rothamsted mwaka 1919 akakuta data za miaka mingi (majaribio ya pale yalianza 1843) na swali lililokuwa halijajibiwa vizuri: nikiona ploti A imeizidi ploti B, nitajuaje kwamba si udongo? Jibu lake, alilolieleza kwenye makala ya 1926 na kitabu cha 1935, lina nguzo tatu. Rudia kila tritimenti mara kadhaa. Amua kwa bahati nasibu nani akae wapi. Gawanya shamba katika bloku, ili kulinganisha kufanyike kati ya ploti zinazofanana. Karibu kila jaribio la shamba leo limesimama juu ya nguzo hizo.

Lakini zitazameni nguzo hizo tena. Bahati nasibu haiondoi tofauti za udongo. Inazuia tu zisimpendelee mmoja. Bloku inaondoa sehemu ya tofauti, ile iliyo kati ya bloku na bloku. Tofauti zilizo ndani ya bloku zinaingia zote kwenye kosa la jaribio. Hapo ndipo takwimu za kieneo, yaani modeli za hesabu zinazotumia mahali ploti ilipokaa, zinapoingia, na hapo ndipo ningependa tujadiliane.

#2 chipukizi_wa_namba

Asante mkuu kwa uzi. Naomba kueleweshwa. Nikigawa shamba katika bloku nne, na kila bloku ina aina zote, si tayari nimeshughulikia udongo? Kwa nini niongeze modeli juu yake?

#3 mpima_shamba

Swali zuri sana, na jibu linategemea bloku yako ina ukubwa gani.

Tuseme una aina 36 za mahindi, na kila ploti ina upana wa mita 1.5. Ukizipanga ubavu kwa ubavu, bloku moja ina urefu wa mita 54. Bloku inadai kwamba ndani ya mita hizo 54 udongo ni mmoja, halafu ukivuka mpaka unaofuata unabadilika ghafla. Udongo haujui ulipochomeka vigingi vyako. Unabadilika njiani, taratibu: sehemu moja kulikuwa na kichuguu, nyingine maji yanatuama, kwingine palikuwa na boma la mifugo miaka mingi iliyopita.

Watangulizi wetu waliliona hili mapema. Frank Yates, aliyekuwa Rothamsted pamoja na Fisher, mwaka 1936 alitoa mpangilio wa bloku zisizo kamili: aina 36 zinagawanywa katika bloku ndogo sita zenye aina sita kila moja, na katika rudio linalofuata zinachanganywa upya ili aina zilizokutana awali zisikutane tena. Kasoro yake ni kwamba idadi ya aina inatakiwa iwe namba mraba, 25, 36, 49 na kuendelea. Patterson na Williams waliondoa kikwazo hicho mwaka 1976 kwa mipangilio ya alfa, na hiyo ndiyo inayotumika sana kwenye majaribio ya aina za mbegu hadi sasa. Kwa hiyo kama una aina zaidi ya 15 hivi, ushauri wangu ni kuachana na bloku kamili kabla hujafikiria modeli yoyote. Punguza ukubwa wa bloku kwanza.

Modeli ya kieneo inakwenda hatua moja zaidi. Inasema: ploti mbili zinazopakana zina uhusiano wa kiasi fulani, na uhusiano huo unapungua kadiri umbali unavyoongezeka. Namna rahisi ni ile inayoitwa AR1. Kama uhusiano wa majirani ni 0.6, ploti iliyo hatua mbili ina 0.36, hatua tatu karibu 0.22, na kadhalika. Unakadiria namba moja kwa upande wa mistari na nyingine kwa upande wa safu, kwa sababu shamba halibadiliki sawa pande zote mbili, na ploti zenyewe aghalabu ni ndefu upande mmoja.

Wazo si geni. Papadakis, mtafiti Mgiriki, mwaka 1937 alipendekeza kila ploti irekebishwe kwa kutazama majirani zake walivyozidi au kupungukiwa na wastani wa tritimenti zao. Kilichokosekana wakati huo ni kompyuta.

#4 mama_mbegu

Nimefurahi kuuona uzi huu. Mimi niko upande wa uzalishaji wa mbegu, na tatizo langu ni la mwanzoni kabisa mwa mnyororo: mistari mipya 300 (yaani mbegu mpya zinazojaribiwa, si mistari ya shambani), na kila mmoja una mbegu za ploti moja, ikizidi sana mbili. Kurudia mara nne ni ndoto. Wenzangu wengine wanapanda kila mstari mara moja na kuweka aina ya kulinganishia kila baada ya ploti kumi. Je, hili linakubalika kitakwimu?

#5 mpima_shamba

Dada, linakubalika, na lina historia yake. Federer alilipa msingi mwaka 1956 akifanya kazi na miwa: mistari mipya inapandwa mara moja moja, aina za kulinganishia zinarudiwa katika kila bloku, na kosa la jaribio linakadiriwa kutoka kwa hizo zilizorudiwa. Ila kuziweka kila baada ya ploti kumi kwa utaratibu usiobadilika sikushauri. Ziwekwe kwa bahati nasibu ndani ya kila bloku.

Upungufu wake ni kwamba ardhi nyingi inakwenda kwa aina ambazo tayari unazijua. Cullis, Smith na Coombes mwaka 2006 walileta njia ninayoipenda zaidi: badala ya kurudia aina za kulinganishia, rudia baadhi ya mistari mipya yenyewe. Kwa 300 yako, chagua 60 yenye mbegu za kutosha upande mara mbili, na 240 mara moja. Jumla ni ploti 360, yaani mistari ya shambani 18 kwa safu 20. Zile 60 zinakupa makadirio ya kosa, na wakati huohuo unajifunza kuhusu mbegu zako.

Ila njia hii inategemea sana modeli ya kieneo. Mstari uliopandwa mara moja ukiangukia mahali penye rutuba utang'ara, na hauna rudio la kuusahihisha. Majirani ndio mashahidi pekee ulionao. Kwa hiyo kwako ramani ya ploti ni ya lazima kabisa. Na mistari hiyo ya mbegu iweke kwenye modeli kama athari nasibu (yaani kama sampuli kutoka kundi moja kubwa), ili makadirio yenye ushahidi mdogo yavutwe kuelekea wastani. Ukiteua kumi bora kwa wastani mbichi, sehemu kubwa ya unachoteua ni bahati ya mahali.

#6 hakimu_wa_data

Mpima_shamba, nakuheshimu, lakini hapa nina wasiwasi wa dhati. Ukimpa mtafiti modeli kumi za kuchagua, atajaribu zote mpaka apate ile inayompa nyota (alama ya kwamba tofauti si ya bahati tu) mbele ya tritimenti anayoipenda. Bahati nasibu ya Fisher ilikuwa na heshima moja: uhalali wa jaribio ulitokana na kitendo ulichokifanya kabla ya kupanda. Hakuna aliyehitaji kuamini modeli. Sasa tunaambiwa tuamini kwamba udongo unafuata AR1. Nani amethibitisha?

#7 mpima_shamba

Hoja yako ni nzito na sitaipita juujuu.

Kwanza, ni kweli kwamba hizi ni imani mbili tofauti. Bahati nasibu inakupa uhalali hata kama hujui lolote kuhusu udongo. Modeli inakupa usahihi zaidi, kwa sharti kwamba inakaribia ukweli. Mvutano huu haukuanza leo. Gosset, yule aliyeandika kwa jina la "Student" akiwa kiwanda cha bia cha Guinness, alibishana na Fisher hadi alipofariki mwaka 1937. Yeye alitetea mipangilio ya utaratibu iliyosawazishwa, akisema inapunguza kosa kuliko bahati nasibu. Fisher akajibu kwamba huenda kosa likapungua, lakini huwezi tena kulipima kosa hilo kwa uaminifu. Mimi naona Fisher alishinda kuhusu mpangilio. Lakini kiu ya Gosset ya kutumia mahali ilikuwa halali, na modeli za leo zinaikidhi bila kuivunja bahati nasibu.

Pili, kuhusu kuteua modeli hadi upate nyota. Kinga ipo, na inapaswa kuwa kanuni. Modeli ya udongo inachaguliwa kwa kutazama masalia, yaani kile kinachobaki baada ya kuondoa athari za tritimenti. Nani ameshinda hakuangaliwi kabisa katika hatua hiyo. Tritimenti zinabaki zilezile katika modeli zote unazolinganisha, na unalinganisha kwa REML (njia ya Patterson na Thompson ya 1971 ya kukadiria varianzi, yaani ukubwa wa mtawanyiko) au kwa AIC (kipimo cha ubora wa modeli; ndogo ni bora). Angalizo moja ambalo wengi hulikosa: thamani za REML hazilinganishiki kati ya modeli zenye athari zisizo nasibu tofauti. Ukiongeza mwelekeo wa mstari mnyoofu kama athari isiyo nasibu, huwezi kutumia kipimo kilekile kuamua.

Tatu, bloku ulizozitumia kupanga zinabaki kwenye modeli, kwa sababu ndizo zilizoongoza bahati nasibu yako. Modeli ya kieneo inaongezwa juu yake. Na utaratibu wote uandikwe kwenye pendekezo la utafiti kabla ya mvua ya kwanza: "tutaanza na modeli ya mpangilio, tutaongeza AR1 pande mbili, tutaibakiza kama AIC inapungua." Ukishaandika hivyo huna pa kuchezea. Kisha ripoti matokeo yote mawili. Kama aina iliyoongoza kwa wastani mbichi imeshuka baada ya marekebisho, sema hivyo, na uonyeshe ramani ya sababu.

#8 hakimu_wa_data

Kwa masharti hayo nakubali. Hasa lile la kuandika kabla ya kupanda. Ningeongeza: kwenye ploti 12 haya yote yaachwe.

#9 mpima_shamba

Naafiki kabisa. Tritimenti nne kwa marudio matatu zinakuachia digrii huru sita za kosa, yaani vipande sita tu vya habari vya kulikadiria. Huwezi kukadiria uhusiano wa majirani kwa ushahidi mdogo hivyo. Hapo nguvu zote ziende kwenye bloku zilizochorwa vizuri na marudio zaidi.

#10 wa_mwinuko

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi. Shamba nililopewa lina mteremko, juu kavu na chini kuna unyevu. Msimamizi ameniambia "bloku zifuate mteremko", mwenzangu anasema "zikate mteremko". Nimechanganyikiwa.

#11 jembe_la_zamani

Marahaba mwanangu. Nimesimamia mashamba ya majaribio kwa miaka mingi na hili ndilo linaloharibu majaribio mengi kuliko wadudu, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Simama juu ya mteremko utazame chini. Unyevu unabadilika kutoka miguuni pako kwenda chini. Bloku moja ikae juu yote, ya pili chini yake, ya tatu chini zaidi. Yaani kila bloku inalala kama tuta la kuzuia mmomonyoko, ikifuata usawa wa ardhi. Ndani ya bloku, ploti zinapangwa ubavu kwa ubavu kulia na kushoto, na urefu wa kila ploti unaelekea chini. Kwa hiyo bloku inakata mteremko, ploti inaufuata. Hivyo kila ploti ndani ya bloku inaonja ukavu kidogo na unyevu kidogo kwa kiasi sawa na wenzake.

Huenda msimamizi wako alikuwa anazungumzia ploti, na mwenzako bloku. Mwulize kwa adabu akuchoree.

Ukipanga kinyume, bloku zinazoshuka kutoka juu hadi chini, basi kila bloku itakuwa na ploti kavu na ploti zenye unyevu. Tofauti yote itaingia kwenye kosa, na bloku zako zitakuwa zinafanana kama mapacha, hazikusaidii kitu. Na shamba likibadilika pande mbili, mfano unyevu kwenda chini na kina cha udongo kwenda kulia, tumia mraba wa Kilatini au mpangilio wa mistari na safu: kila tritimenti mara moja katika kila mstari na mara moja katika kila safu.

#12 wa_mwinuko

Asante sana mzee, sasa nimeiona.

#13 maji_na_mimea

Naleta kisa cha mwenzangu wa karibu, na kimeniuma. Kituo kimoja kilimpa mashamba mawili: moja lina umwagiliaji wa matone, jingine halina. Alichukua sampuli 20 kila shamba na kufanya uchambuzi akiwa na n=20. Mhakiki amekataa makala. Mwenzangu anauliza: tukitumia modeli ya kieneo, itaokoka?

#14 mpima_shamba

Pole kwake, maana kazi ya msimu mzima si mchezo. Lakini jibu la ukweli ni hapana.

Umwagiliaji ulipangwa kwa shamba zima, kwa hiyo kipimo cha jaribio (kitu kinachopewa tritimenti) ni shamba, na yako mawili tu, moja kwa kila tritimenti. Sampuli 20 zinakueleza vizuri shamba hilo likoje. Hazikuelezi kama tofauti imeletwa na maji au na shamba lenyewe. Hurlbert alilipigia kelele tatizo hili la marudio ya uongo mwaka 1984, akikagua tafiti za ikolojia, na bado lipo. Modeli ya kieneo inaweza kutenganisha udongo na tritimenti pale tu tritimenti zinapokutana mahali pamoja mara nyingi. Hapa hazikutani popote.

Makala anaweza kuiandika upya kama maelezo ya mashamba mawili, bila kudai kwamba maji ndiyo chanzo. Kwa msimu ujao, agawe kila shamba katika ploti kubwa kadhaa, umwagiliaji upangwe kwa bahati nasibu kwenye ploti hizo kubwa, na aina za mimea ndani yake kama ploti ndogo. Atakuwa na kosa la jaribio la aina mbili: maji yanapimwa dhidi ya tofauti za ploti kubwa, aina dhidi ya tofauti za ploti ndogo. Ploti kubwa zisipungue marudio manne, sita ni bora zaidi.

#15 chipukizi_wa_namba

Mkuu, kwenye makala nyingi nakutana na variogramu. Naona mchoro unapanda kisha unalala. Nausomaje?

#16 mpima_shamba

Chukua kila jozi ya ploti, tafuta tofauti ya masalia yao, ipandishe kwa mraba, igawe kwa mbili, kisha tafuta wastani kwa kila umbali. Ndiyo hiyo variogramu. Ploti zilizo karibu zikifanana, mchoro unaanza chini. Unapanda kadiri umbali unavyoongezeka, na pale unapolala ndipo ploti zinapoacha kujuana. Umbali huo ni wa thamani sana: ukijua kwamba ufanano unaisha mita 20, unajua pia kwamba bloku ya mita 54 ni ndefu mno.

Asili yake ni migodini. Danie Krige, mhandisi wa migodi ya dhahabu Afrika Kusini, aliandika kazi yake mwaka 1951 kuhusu kukadiria dhahabu mahali ambapo hapajachimbwa kwa kutumia sampuli za jirani. Mfaransa Georges Matheron akaijengea nadharia miaka ya 1960 na kuiita kwa jina la Krige, ndiyo maana tunasema krigingi. Hata ule mruko mwanzoni mwa mchoro, pale umbali unapokaribia sifuri lakini tofauti haifiki sifuri, umepewa jina la kipande cha dhahabu. Kwetu shambani mruko huo ni makosa ya kupima pamoja na tofauti ndogondogo zilizo ndani ya umbali mfupi kuliko ploti. Usiuache nje ya modeli ya AR1. Bila huo, modeli inalazimika kudhani kwamba mizani yako haikosei.

Kuna jambo jingine variogramu inafichua, na hili nalipenda sana. Gilmour, Cullis na Verbyla mwaka 1997, wakifanya kazi na majaribio ya Australia, walitenganisha mambo matatu: mwelekeo mpana wa shamba zima, ufanano wa majirani, na tofauti zinazoletwa na kazi za shambani zenyewe. Hili la tatu ni la mikono na mashine zetu. Trekta linapanda likienda, linarudi, linaenda tena. Mistari ya kwenda ikipata kina tofauti na ya kurudi, variogramu inatokea na meno kama msumeno. Au wavunaji wawili wamegawana mistari, mmoja anapura vizuri kuliko mwenzake. Bila ramani ya ploti utaliita hilo "kosa" na kulimeza. Ukiwa na ramani unaliweka kwenye modeli kama athari ya mstari, na kosa linashuka.

#17 mama_mbegu

Naongezea hapo. Msimu mmoja masalia yetu yalionyesha uhusiano hasi kati ya majirani: ploti moja juu, inayofuata chini. Udongo haufanyi hivyo. Ilikuwa ni ushindani, aina ndefu zinawafunika fupi za pembeni na kuwanyang'anya mwanga. Dawa yake haiko kwenye kompyuta. Iko kwenye ploti pana zaidi, kuvuna mistari ya katikati tu, na kupanga aina zinazokaribiana urefu katika kundi moja.

#18 mpima_shamba

Dada, umegusa jambo la msingi. Alama ya uhusiano ni habari: chanya mara nyingi ni udongo, hasi mara nyingi ni mimea inayogombana.

#19 wa_mwinuko

Kwa hiyo ploti ziwe kubwa? Ardhi niliyopewa ni ndogo.

#20 mpima_shamba

Fairfield Smith alilishughulikia hili mwaka 1938. Aligundua kwamba varianzi ya wastani wa ploti inapungua ukubwa unapoongezeka, lakini polepole kuliko tunavyotarajia, kwa kipeo anachokiita b. Kama b ni 1, kila kipande cha ardhi kinajitegemea. Kama b iko karibu na sifuri, majirani wanafanana sana na kuongeza ukubwa hakukuletei habari mpya. Chukua b ya 0.5: ukikuza ploti mara nne, varianzi inagawanywa kwa mbili tu. Ardhi hiyohiyo ukiitumia kuongeza marudio mara nne, varianzi ya wastani wa tritimenti inagawanywa kwa nne. Kwa hiyo kwa ardhi yenye mipaka, ploti ndogo nyingi zinashinda kubwa chache.

Kikomo ni kingo. Ploti ya mita 3 kwa 5 ukiiondolea nusu mita kila upande inabaki 2 kwa 4, yaani mita za mraba 8 kati ya 15. Karibu nusu ya kazi yako haivunwi. Ya mita 6 kwa 10 inabaki 45 kati ya 60. Tafuta ukubwa mdogo kabisa ambao bado unakupa eneo la katikati la kuaminika kwa zao lako, kisha ishia hapo. Usiache pia mistari ya kinga kuzunguka jaribio zima. Ploti za pembeni zisizo na jirani hupata mwanga na maji ya ziada.

#21 daftari_kuukuu

Wakuu, nina data za misimu ya nyuma. Faili lina namba ya ploti tu, lakini daftari lenye mchoro ninalo. Naweza kurudisha mistari na safu? Na nitumie programu gani?

#22 mpima_shamba

Unaweza, na hongera kwa kulitunza daftari. Hatari ni moja: namba mara nyingi zilipewa kwa kuzunguka kama nyoka, kwa sababu mtu akifika mwisho wa mstari hageuki kurudi mwanzo, anaendelea na mstari wa pili kutoka hapo alipo. Ukiwa na safu 10, ploti ya 11 inapakana na ya 10, haipakani na ya 1. Iko mstari wa 2, safu ya 10. Ploti ya 14 ni ya nne katika mstari wa 2, kwa hiyo safu yake ni 11 kutoa 4, yaani safu ya 7. Mistari yenye namba shufwa yote inageuzwa hivyo. Linganisha na mchoro kabla hujaamini fomula.

Kwa programu, R (programu ya takwimu) inatosha. Kifurushi cha SpATS, kilichoelezwa na Rodríguez-Álvarez na wenzake mwaka 2018, kinachora uso laini juu ya shamba bila wewe kuchagua kati ya modeli nyingi, na kinakupa ramani ya rangi papo hapo. Kwa AR1 pande mbili wengi hutumia ASReml, ambayo ni ya kulipia.

Ukishafika hapo, chora masalia kwenye ramani. Ukiona rangi zinabadilika kwa utaratibu wa mstari mmoja mmoja, ama trekta lilikuwa na tabia ile niliyoeleza, ama umesoma vibaya mzunguko wa namba. Rudi kwenye mchoro uhakikishe ni lipi.

#23 daftari_kuukuu

Kuna ploti tano ziliharibiwa na ng'ombe na hazimo kwenye faili. Niziache?

#24 mpima_shamba

Ziingize. Kila moja iwe na mstari wake, safu yake, bloku yake na tritimenti yake, na mavuno uyaache wazi kama data iliyokosekana; usiandike sifuri. Modeli ya AR1 inahesabu hatua kwenye gridi. Ukizifuta, programu nyingine itagoma, na nyingine itachukulia ploti mbili zilizotenganishwa na pengo kuwa majirani. Kwenye kolamu ya maoni andika "ng'ombe", na angalia kama ploti zilizopakana nazo ziliguswa pia.

#25 daftari_kuukuu

Mbili ziliguswa, daftari linasema hivyo. Naziwekea alama. Nikimaliza msimu wa kwanza nitaleta ramani hapa tuitazame pamoja.